Sahihi ya Mama Shefu

Mtu aliyenifundisha kazi alinipiga mara nyingi kuliko baba yangu mzazi. Alikuwa mkuu wa ofisi ya kompyuta katika kiwanda kimoja cha sabuni, kule Zone Industrielle, mtaa wa viwanda wa Bujumbura, na wote pale, kuanzia mkurugenzi hadi walinzi wa lango, walimwita Mama Shefu. Jina lake ninalijua ila sitaliandika. Niliwahi kuandika jina la mtu mahali nisipopaswa, nikamsingizia maneno ambayo hakuyasema, na mpaka mwaka huu nilikuwa sijamwambia yeyote. Habari za kuzaliwa kwa Mama Shefu na ukoo wake waulizwe ndugu zake. Mimi nina yale niliyoyaona, na mengi yaliniuma.

Alikuwa na mkono mwepesi. Siku yangu ya kwanza nilimkuta anavunja kompyuta kwa nyundo, bila haraka, kama mtu anayepasua kuni. Mmoja wetu alikuwa amebadili programu ya mizani kwenye mashine hiyo bila kumwambia mtu, na alipoulizwa kama anaweza kurudisha ile ya zamani, akajibu kwamba haiwezekani tena. Mama Shefu alipomaliza alijifuta vumbi mikononi, akanitazama mimi mgeni.

"We njo mupya? Karibu. Hapa kitu chenye hakirudi nyuma, hakiingie."

Kulikuwa na fundi aliyetumwa na watu waliotuuzia programu ya ghala. Alikuwa mjuaji. Wakati wa chakula aliingia mwenyewe kwenye mtambo akarekebisha kidogo tu, kama alivyosema, na saa nane mchana malori sita yakawa hayawezi kutoka. Mama Shefu alimshika tai, akamshusha nayo ngazi zote mpaka langoni, akawaonyesha madereva. "Huyu hapa. Alirekebisha kidogo." Madereva walimalizia wenyewe. Fundi yule alirudi kwao na sikio lililochanika, na tangu hapo hakuna aliyetumwa kwetu bila barua ya kuomba ruhusa.

Mwenzangu mmoja hadi leo ana kovu juu ya jicho, la stepla aliyorushiwa, na huwaonyesha wageni kwa fahari. Tulikuwa wajinga hivyo. Tulidhani kupigwa ni sehemu ya ufundi, tukipigwa tunachekana kwenye ngazi. Lakini mimi nilimwogopa kila asubuhi, na mtu mwenye hofu hujifunza kwanza kujificha, kazi baadaye.

Ukimsikia kwenye simu ungeapa ni mtu mwingine. Simu ya malalamiko ilikaa mezani kwake na hakumruhusu mtu kuigusa. Akinamama wa kufunga sabuni walipopiga kusema kwamba kioo kimeganda au lebo zinatoka kinyume, sauti yake ilikuwa asali. "Ndiyo mama. Pole mama. Inakufanyia ivyo tangu lini? Usikate, niko na we." Kila lalamiko aliliandika kwa chaki ubaoni, na sheria yake ilikuwa kwamba anayelifuta ni yule aliyelileta, si sisi. Basi wale akinamama walipanda mpaka ofisini kwetu, wananuka soda ya kupikia sabuni na mawese, wanafuta kwa viganja vyao wenyewe, na wasiporidhika wanashuka bila kufuta.

"Mugonjwa njo anasema amepona," Mama Shefu alituambia. "Munganga akisema, ni kujisifu."

Mlinzi mmoja mzee alilalamika kwamba kioo cha kompyuta ya langoni kiko juu mno, shingo inamuuma. Sisi tukacheka. Hilo nalo ni kosa la kompyuta? Lalamiko lilikaa ubaoni wiki nzima, mpaka Mama Shefu mwenyewe akashuka na bisibisi, akakitelemsha kile kioo, akampandisha mzee ngazi kwa mkono ili aje afute. Halafu akarudi akatunyima chai siku mbili.

Jumapili aliimba kwenye kwaya ya kanisa lake, macho yamefumbwa, machozi yanamtoka. Watu wa kanisani walisema ni mwanakondoo. Ila mpiga ngoma wao aliniambia kwamba aliwahi kubadili mdundo katikati ya wimbo bila kuwaambia waimbaji, na Mama Shefu alimpiga kwa kitabu cha nyimbo pale pale madhabahuni, kisha akaendelea na ubeti wa tatu.

Alikuwa na usemi wake: "Kila badiliko iko na damu. Uliza ni ya nani." Aliusema hata mbele ya mkurugenzi, na mkurugenzi aliuchukia.

Kwa hiyo alikuwa na rejista. Ilikuwa kitabu kikubwa cha jalada jeusi, na hakuna mstari mmoja wa programu uliobadilishwa pale bila kupita humo. Ukitaka kubadili kitu, unashuka chini kwenye mashine, unamtafuta yule ambaye badiliko litamgusa, unamuuliza maswali matatu. Unafanya nini hapa? Mashine ikizimika, unafanya nini? Ikiwaka ghafla, itakukuta wapi? Unaandika jina lake na jibu lake kwa maneno yake mwenyewe. Mama Shefu anasoma, anatia sahihi, ndipo unaanza kazi. Kuuliza si ujinga, alikuwa akisema kama watu wote wasemavyo, kisha anaongeza ya kwake kwamba ujinga ni kujijibu.

Mimi nilijijibu. Nieleze ilivyokuwa.

Mama mmoja wa kufunga sabuni alikuwa amelalamika kwamba lebo zake zinatoka na uzito wa uongo. Nikarekebisha nikiwa mezani kwangu, nikafuta ubaoni mwenyewe kwa sababu nilikuwa nataka kuondoka mapema. Kesho yake lebo zikatoka vilevile. Mama Shefu alinishika mkono akanishusha hadi ukumbini, akanisimamisha mbele ya yule mama, akanizaba kofi lililonizima sikio. Wanaume wa upande wa vichanganyio, yale mapipa yanayokoroga sabuni kwa makasia ya chuma, waliacha kazi wakacheka. Mmoja alicheka kuliko wote, mtu mrefu, anajishika tumbo.

"Mama Shefu, ongeza!" akapaza sauti. "Shavu la pili lina wivu!"

Nikauliza baadaye yule ni nani. Wakaniambia ni Papa Keza, wa kichanganyio cha tatu.

Wiki ileile mkurugenzi akatoa amri. Umeme wa Bujumbura kila mtu anaujua, unaenda na kurudi upendavyo. Jenereta yetu ililisha ofisi na kompyuta tu. Umeme wa kiwandani ulipokatika mashine zilikufa, na uliporudi kila mashine ilisubiri mtu abonyeze kitufe cha kijani ndipo iwake. Mkurugenzi alisema tunapoteza muda kusubiri vidole vya watu. Alitaka programu iziwashe zote yenyewe, mara umeme urudipo. Kazi nikapewa mimi.

Ilinipasa kushuka na rejista, niwaulize watu wa vichanganyio. Nilifika ngazi ya katikati. Nikawasikia kule chini wanacheka, huenda walicheka mambo yao, lakini shavu langu lilikuwa bado la moto na nilisikia jina langu katika kila kicheko. Nikageuka. Nikaketi kwenye ngazi, nikafungua rejista juu ya magoti, na kwa kuwa jina nililolijua kule lilikuwa moja tu, nikaliandika. Papa Keza, kichanganyio cha tatu. Halafu nikamwandikia jibu: "Umeme ukikatika tunatoka nje, tunakaa kivulini mpaka urudi. Mashine ikiwaka haitukuti."

Mama Shefu alisoma. "Kweli njo balisema ivi?"

"Ndiyo, Mama Shefu."

Akatia sahihi.

Lile ambalo sikulijua ni hili. Sabuni iliyo kwenye kichanganyio haingojei mtu. Makasia yakisimama, huanza kuganda juu yake, na ikiganda ni nyundo na patasi siku mbili. Kwa hiyo umeme ulipokatika, watu wale walifungua mlango mdogo wa ubavuni, wakaingiza mkono mpaka begani, wakakwangua sabuni ingali laini. Hakuna bosi aliyewaamuru. Walifundishana wenyewe, mkubwa kwa mdogo, na haikuandikwa popote. Siku za usafi wa kawaida walitia kufuli kwenye swichi. Umeme ukiwa umekatika hawakutia, kwa maana kufuli ya nini tena? Kukatika kwa umeme kwenyewe ndiyo ilikuwa kufuli yao. Swali la pili tu, likiulizwa na mtu mwenye miguu ya kushuka ngazi, lingetosha.

Nikaandika programu, nikaiwasha. Ilikuwa asubuhi, saa nne. Umeme ulikatika, ukarudi kabla chai haijapoa. Nilikuwa mbele ya kioo nikiangalia kazi yangu. Kichanganyio cha kwanza, kijani. Cha pili, kijani. Cha tatu, kijani. Nilipiga makofi, Mungu anisamehe. Ndipo sakafu ikatuletea ukelele, mmoja, mrefu, halafu kelele za watu wengi.

Makasia yalimchukua Papa Keza mkono wa kulia juu ya kiwiko. Waliomtoa walinisimulia kwamba alikuwa akiuliza mkono wake uko wapi. Sabuni ya pipa lile ilimwagwa yote, nyekundu, na harufu yake ilikaa ukumbini hadi mvua zilipoanza.

Kisha wakaja juu. Tulisikia vyuma vikigonga ngazi. Walikuwa na nondo, koleo, nyundo za kuvunjia sabuni, na mbele yao mtu mmoja nguo zimelowa damu ya Papa Keza. "Nani alibadilisha? Mutoeni! Leo anakufa!" Mama Shefu alinitazama. Akanikaba shingo kwa nyuma, akanisukuma nyuma ya kabati la mitambo, nikajikunja pale kati ya nyaya kama panya, naye akaenda akasimama mlangoni.

"Muniangalie mi," akasema. "Mi njo niliruhusu. Sahihi ni yangu."

"Mama Shefu, toka. Tunatafuta mwenye alifanya."

"Nimesema ni mi. Mulikuwa munanipigia simu kila siku, leo hamunijue?"

Nondo ya kwanza ilimpata begani. Ya pili nilisikia ikivunja taya. Nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Mwanamke yule aliyempiga kila mtu hakuinua mkono hata kujikinga, alishika miimo ya mlango kwa mikono yote miwili, wakapiga vidole vyake ili aachie, hakuachia mpaka nondo ilipomfikia kichwani. Wakamkanyaga wakipita. Wakavunja vioo, viti, ubao. Mwenzangu wa kovu walimtupa dirishani, akaanguka juu ya turubai la lori na ndiyo pona yake. Kabati langu walilipiga mara tatu, halafu polisi wakafyatua risasi hewani uani na wote wakakimbia.

Mchana uleule nilifuta programu yangu, nikarudisha kitufe cha kijani.

Wakubwa wakafungua rejista. Wakasoma jibu la Papa Keza, wakafurahi. Mfanyakazi aliulizwa, akasema uongo kuhusu kazi yake, akajiumiza. Wakamtumia barua ya kumfukuza akiwa bado hospitali, imeandikwa kwamba alidanganya. Haikueleza alidanganya kitu gani. Mama Shefu naye wakamwondoa kwa kutia sahihi bila kuhakiki. Kiti chake wakanipa mimi.

Nimekikalia. Nimekuwa bosi mpole, nasifiwa hivyo, sijawahi kumgusa mtu. Upole wangu ni woga tu uliovaa shati safi.

Mwaka huu alikuja mkurugenzi mpya. Wiki ya pili akaniita, akasema mashine zinachelewa kuwaka umeme unaporudi, kwa nini programu isiziwashe yenyewe? Nikamwambia kuna mtu alipoteza mkono. Akavuta rejista, akafungua ukurasa ule, akaweka kidole. "Lakini hapa mwenyewe anasema wanatoka nje. Alidanganya. Andika tena, fanya kazi." Nikatoka ofisini kwake. Jumamosi asubuhi nikaichukua rejista chini ya koti, nikaenda Carama, mtaa anakoishi Mama Shefu.

Watu wengi wa kiwandani wamejenga kule. Nilimkuta Mama Shefu uani anatwanga sombe, majani ya muhogo. Amekonda. Taya limeungana upande, maneno yanamtoka kwa kona ya mdomo, na vidole viwili vya kushoto havikunjiki. Alifurahi kuniona, na furaha yake ilinikata maini.

"We mutoto! Kaa. Bado munafuta ubao kwa mikono ya wenyewe?"

"Tunafuta, Mama Shefu."

Akaongea habari za kuku, za kwaya, za maumivu ya taya wakati wa baridi. Kisha akaonyesha kwa mchi mlango wa bluu, nyumba tatu mbele. "Ule mwongo anaikala pale. Papa Keza. Kila siku ya Mungu tunapitana njiani. Mi simusalimie. Mukono ulimupotea, nilimuhurumia, lakini alimudanganya mutoto wangu, na mi nikatia sahihi juu ya uongo yake. Angesema kweli tu, angekuwa na mukono, na mi niko na taya."

Nikasema, "Mama Shefu, sikumuuliza."

"Unasema?"

"Sikushuka. Niliandika mwenyewe. Yeye hakusema neno."

Mchi ulinipata begani. Sikuuona ukija. Nikaanguka na kiti, akanipiga tena mbavuni, tena, sombe imetapakaa usoni kwangu, naye anapiga kelele ambazo taya lile halikuweza kuzifanya maneno. Jirani mmoja alipanda ukuta. "Mama, utaua mutu!" Mama Shefu akamjibu, "Muniache!" Alinipiga mpaka pumzi ikamwisha, akasimama juu yangu ameegemea mchi. Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika, nilijua kwa jinsi mkono ulivyokataa.

"Juu ya nini?" akauliza. "Juu ya nini haukushuka?"

"Niliona haya. Ulikuwa umenipiga kofi mbele yao. Walicheka."

Akaniinamia. "Nilikupiga juu ya nini?"

"Lebo."

"Lebo," akasema. Niliona kwamba hakumbuki. Alitafuta kila mahali kichwani mwake na hakulikuta kofi lile. Akautupa mchi, akajifunga kitenge upya. "Simama. Hiyo rejista, beba."

Tukaenda, mimi nimeshika bega, watu wanachungulia milangoni. Papa Keza alikuwa uani kwake anakata majani ya mbuzi, panga liko mkono wa kushoto, mkono wa kulia wa shati umekunjwa na kushonwa. Alipomwona Mama Shefu akanyanyuka, panga bado mkononi.

"Leo unajua njia ya kwangu?"

"Papa Keza," Mama Shefu akasema, "huyu njo aliandika. Mi nilikuita mwongo. Mwongo ni huyu, na mi nilimuamini."

Papa Keza akanigeukia. Nilidhani panga litakuja, na sikusogea. Aliniuliza tu, "Uliandika nilisema nini? Miaka yote ile hakuna mutu aliniambiaka."

Nikafungua rejista kwa mkono mmoja, nikasoma. Umeme ukikatika tunatoka nje, tunakaa kivulini mpaka urudi.

"Kukaa?" akasema. Panga lilimtoka mkononi. "Mi? Mule ndani, mi sikukaa hata siku moja." Akamtazama Mama Shefu. "Na we, mwenye ulikuwa unatujua, uliamini ile?"

"Niliamini."

Papa Keza akageukia nyumba, akaita. "Mama Keza! Keza! Kuyeni hapa musikie." Wakatoka, mkewe akifuta mikono, binti yake nyuma. Majirani nao walikuwa wameshajaa penye uzio. "Soma tena," akaniambia. "Kwa nguvu. Na kesho kutwa utasomea wale wakubwa wako, mi nikiwa pale."

Nikaanza, kwa sauti ya chini. Mama Shefu alinipokonya rejista. Akasoma yeye, kwa kona ile ya mdomo, taratibu, mbele ya watu wote. Alisoma jina, akasoma maneno yote niliyoyatunga, akafika chini kabisa ya ukurasa, akasoma na jina lake mwenyewe.